Ng'ambo Haionekani

Jumatatu, 7 Agosti 1911

Daftari hili si langu. Ni la kambi ya malale, na leo nimekabidhiwa na Mustafa, msaidizi wa Bwana Mganga, daktari wa Kidachi, kwa sababu katika mtaa wetu wa Waswahili hapa Rumonge mwanamke anayejua kuandika ni mmoja, na huyo ni mimi, Zuwena, binti wa marehemu Mwalimu Amisi. Kazi yenyewe ni nyepesi. Niandike kila siku kama Mama amelala mchana au hakulala. Malale huanza hivyo: mtu anasinzia juani na tonge mkononi, halafu siku moja haamki. Mama yangu, Biasha, alikutwa na ugonjwa mwezi wa pili. Tangu hapo kila siku kumi nampeleka kambini anadungwa sindano, na ule usingizi mbaya umemtoka. Niandike pia habari za Sikujua, jirani yetu, maana shingo yake imeota vivimbe na Bwana Mganga anamtilia shaka. "Mistari miwili tu," Mustafa aliniambia. Mimi mistari miwili hainitoshi hata kumsalimia mtu.

Basi: Mama hakulala mchana. Sikujua hakulala, alikuwa akigombana na mbuzi wa watu.

Leo ilikuwa siku ya sindano. Bwana Mganga huuliza swali lake lile lile, "Unaona muzuri?" huku amenyoosha vidole, na Mama huvihesabu. Leo akaongeza neno. "Vidole naona, Bwana. Ng'ambo sioni." Nikacheka. Mustafa akacheka. Nikamwambia Bwana Mganga ageuke atazame ziwa mwenyewe. Kiangazi chote milima ya Kongo imemezwa na ukungu na moshi wa mashamba, maji yanakwenda yanakwenda mpaka yanageuka mbingu, na mitumbwi inaning'inia hewani. Akageuka, akatazama, naye akacheka. "Ng'ambo hata mimi hapana ona," alisema, na hakuandika kitu.

Jumanne, 8 Agosti

Mama hakulala mchana. Ng'ambo haionekani.

Jumatano, 9 Agosti

Hakulala. Ng'ambo haionekani.

Jumapili, 13 Agosti

Mama anasuka mkeka wa Idi. Miyaa ameipaka rangi mwenyewe, nyekundu na nyeusi, na ukili unatoka mikononi mwake mrefu kama barabara. Leo nimeona nyeusi imeingia mahali pa nyekundu, mara tatu. Sikujua ameupenda kweli. "Mama Biasha ameleta mutindo mupya!" anatangaza mtaa mzima. Tayari watu wawili wameagiza mikeka ya mtindo huo. Mama ametabasamu tu, hakusema kitu.

Hakulala mchana.

Alhamisi, 17 Agosti

Sindano. Tulipokuwa tukirudi Mama alijikwaa kwenye mizizi ya mchikichi, na jioni akapiga teke chungu cha mawese kilichokuwa pembeni mwa mlango, mahali kilipokaa tangu nizaliwe. Mawese yote yakamwagika. Nilimgombeza. Nilimwambia anatembea kama bibi harusi. Alikaa chini akayafuta kwa kiganja, polepole, akikosea upande.

Usiku nimeota ukungu umeingia ndani ya nyumba, umekaa kitako na sisi, tunaukaribisha chakula.

Jumamosi, 26 Agosti

Ramadhani imeanza. Mama hakulala. Ng'ambo haionekani.

Jumanne, 29 Agosti

Nitaandika ukweli, kwa sababu niliambiwa niandike ukweli. Mama amelala baada ya adhuhuri. Sikujua amelala. Mimi nimelala. Mbuzi nao wamelala. Mtaa wote umelala mpaka alasiri, jua limekaa juu ya mapaa, na kama kuna aliyekuwa macho ni malaika.

Ijumaa, 1 Septemba

Balaa. Bwana Mganga amelisoma daftari. Yaani Mustafa alimsomea, na huyo Mustafa, Mwislamu mzima, aliyekuwa amefunga yeye mwenyewe, akamsomea "amelala, amelala, amelala" bila kumweleza kuwa ni Ramadhani. Asubuhi askari wawili wamekuja kumchukua Sikujua akadungwe sindano. Sikujua akapanda juu ya kinu akalia kwamba yeye si mugonjwa, iko na njaa tu. Mtaa mzima ukatoka. Nilikimbia mpaka kambini bila viatu kueleza, na Bwana Mganga, kwa haki yake, aliona haya, akamrudisha Sikujua siku hiyo hiyo na chumvi ya kumtuliza.

Sikujua ameapa hatalala tena mbele yangu. Mtaa mzima unanifanyia mzaha: mtu akinipita anafumbua macho kwa vidole. Nami nimejifunza. Neno moja katika daftari hili linaweza kumtoa mtu nyumbani kwake.

Jumapili, 10 Septemba

Mama hakulala mchana. Ng'ambo haionekani.

Jumapili, 24 Septemba

Idi. Mama amekaa mlangoni na kanga mpya, watu wanamsalimu, naye anasubiri waseme neno ndipo awaitikie kwa majina. Nimedhani ni maringo ya sikukuu.

Ijumaa, 29 Septemba

Mvua! Ya kwanza. Imeanza alfajiri, nzito, yenye harufu ya udongo na majivu. Watoto wamekimbia uchi ufukweni. Mama ametoa mikono nje ya paa ikalowa.

Jumamosi, 30 Septemba

Leo naandika mengi.

Mvua imekatika usiku na asubuhi ukungu ulikuwa umeoshwa wote. Nilipofungua mlango, milima ya ng'ambo ilikuwa pale, mbichi, ya buluu, karibu kiasi cha kuhesabu mabonde. Kila mwaka huwa hivi, na kila mwaka moyo unaruka. Mama amezaliwa kule nyuma yake. Alivushwa ziwa akiwa msichana, na milima ile ameipa majina ya nyumbani: Nundu ya Ng'ombe, Kifuniko cha Chungu, Mwanamke Aliyeinama. Asubuhi ya kwanza baada ya mvua huisalimu kwa sauti, mmoja mmoja, kama wakwe.

Nikamwita. "Mama, njoo! Ng'ambo imefunguka."

Akaja, ameshika ukuta. Sijui kwa nini sikuwahi kuuona ule mkono ukutani. Akasimama kando yangu, uso ameuelekeza ziwani, akangoja.

"Bado iko ukungu," alisema.

Wanawake walikuwa wakipiga vigelegele kule ufukweni. Nilimtazama Mama, nikatazama milima, nikamtazama tena Mama.

"Mama, hakuna ukungu."

"Basi ndiyo hivyo," akasema. "Nilisema, mwana wangu. Nilisema toka mwezi wa nane. Mukacheka."

Alinieleza akiwa amekaa chini, mkono wake juu ya goti langu. Macho yalianza kufifia pembeni. Kila wiki yakawa membamba, sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ukuta, na ndani ya tundu lenyewe rangi zimekufa. Nyekundu na nyeusi hazitofautishi tena. Alidhani ni ukungu kweli, kwa kuwa mimi, mwanawe mwenye elimu, nilimwambia ni ukungu.

Nimelia mpaka nimeona aibu. Mtindo mpya! Na mimi nikamgombeza kwa ajili ya mawese.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimeanza kutafuta mtu wa macho. Juzi nilipanda kilima cha Kizuka kwa mwanamke wa Kirundi anayesifiwa kwa dawa za majani. Mzuri, mpole. Tulisalimiana kwa amahoro, akanikalisha kwenye kivuli cha michikichi, akanipa majani ya kukamulia machoni. Mama amedondoshewa siku mbili. Yamewasha, yamepoa, hayakubadilisha kitu.

Jumatano, 4 Oktoba

Kambini. Bwana Mganga amesafiri Usumbura mpaka katikati ya mwezi. Nimemwuliza Mustafa kama kuna mganga wa macho popote katika pwani hii ya Wadachi. Amesema hakuna. Amesema yeye anajua damu na shingo tu. Alikuwa akisugua chupa ileile muda wote, hakunitazama.

Sikujua ndiye aliyeleta habari. Ameniwia radhi ya zile siku za askari, au amesahau. "Ujiji iko Fundi Radjabu," alisema. "Anatoa mutoto wa jicho kwa sindano ya shaba. Shangazi yangu alikuwa hana macho, leo anachagua mchele." Nimeandika barua usiku huohuo, nimempa nahodha wa mtumbwi unaoshuka na samaki wakavu. Nimemwandikia Fundi: mama yangu ana mtoto wa jicho, njoo, kwa jina la Mungu.

Ijumaa, 6 Oktoba

Sindano, ameidunga Mustafa. Mama hakulala mchana. Ng'ambo inaonekana.

Jumanne, 10 Oktoba

Hakulala. Ng'ambo inaonekana, lakini sitaki kuitazama peke yangu.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimeota ng'ambo imesogea mpaka mlangoni na Mama anaipapasa kwa mkono, anasema, hii ni Nundu, hii ni Kifuniko. Nimeamka nikamkuta amekaa kitandani anapapasa mkeka.

Jumatatu, 16 Oktoba

Sindano. Mustafa alisita na chupa mkononi. Nikamwambia, "Fanya haraka, Kaka, mvua inakuja." Akafanya.

Alhamisi, 19 Oktoba

Fundi Radjabu amekuja! Siku sita majini. Ni mtu mfupi, mzee kiasi, nadhifu, mwenye kanzu fupi na kisanduku cha ngozi, na kitu cha kwanza alichoomba ni maji ya moto ya kunawa. Mtaa mzima ulijaa uani. Sikujua alileta kuku kabla hata ya kuombwa.

Alimkalisha Mama mlangoni, uso juani. Akamfunika jicho moja, akalifunua. Akalifunika la pili. Akazungusha kidole kutoka sikioni kuja puani, polepole, akamwuliza ni lini anakiona. Mama alikiona kilipofika karibu na pua. Fundi akarudia mara nne. Hakuna aliyekohoa. Nilikuwa nimeshaona sindano ya shaba ndani ya kisanduku, imelala juu ya kitambaa cheupe, na nilikuwa naisihi moyoni kama mtu.

Alikifunga kisanduku.

"Binti, mama yako hana mtoto wa jicho."

"Lakini haoni, Baba Fundi."

"Haoni. Mimi kazi yangu ni mutu ambaye mulango wake umefungwa. Pana kitu cheupe mulangoni, nakisukuma, mwanga unaingia. Mama huyu mulango uko wazi, safi kabisa. Ni taa ya ndani inapungua mafuta. Nikimuchoma nitaharibu kilichobaki." Kisha akageuka, akamwuliza Mama, si mimi: "Mama yangu, unakunywa dawa gani?"

"Sinywi dawa. Nadungwa ya malale."

"Toka lini?"

"Mwezi wa pili."

"Na macho?"

Mama alihesabu kwa vidole vyake mwenyewe. "Mwezi wa sita."

Fundi alimshika mkono. Alisema kule Ujiji ameletewa watu wanne wa namna hii, milango wazi, taa zinazimika, na wote wanne walikuwa wa sindano ya malale. "Mimi si mwenye dawa ile, sijui mambo yake," alisema. "Uliza mwenyewe. Lakini uliza kabla ya sindano ingine." Nilimletea vitambaa viwili na kuku wa Sikujua. Amekataa vyote. Amekunywa maji, amesema hakufanya kazi, hachukui ujira.

Sindano mbili. Tangu siku ile ya mvua nimempeleka mwenyewe, kwa mkono wangu, mara mbili. Nikasema fanya haraka.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nilimkuta Mustafa nyuma ya kambi anachemsha vyombo. Sikumsalimu. Nilimwuliza kama alijua.

"Wako wengine wawili," alisema. "Mmoja hapa, mmoja wa Minago."

"Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza, Dada." Kisha akalia, mtu mzima. "Wale wasiodungwa tumewazika, Zuwena. Wote. Mama yako iko hai. Ningesema nini? Mungekimbia sindano, ningewazika na ninyi."

Nilikuja na hasira ya kumvunjia vyombo vyake. Nimerudi nayo nusu. Nusu nyingine sijui niipeleke wapi, maana mwenye kucheka siku ile nilikuwa mimi.

Jumatatu, 23 Oktoba

Bwana Mganga amerudi. Tumekwenda, Mama na mimi. Nilimweleza habari za Fundi, nikidhani atakasirika. Hakukasirika. Alifanya vilevile kama Fundi, kidole kutoka sikioni mpaka puani, kisha akawasha taa ndogo akachungulia ndani ya jicho muda mrefu. Alipomaliza akavua miwani yake.

"Dawa iko kali," alisema. "Inaua malale. Mara ingine inakula macho. Mimi nauliza kila siku: unaona?"

"Uliniuliza vidole, Bwana," Mama alisema. "Vidole niliviona. Hukuniuliza ng'ambo. Nilipokuambia mwenyewe, mulicheka."

Bwana Mganga aliikunja miwani.

Halafu akaweka mambo mezani, Mustafa akitafsiri yaliyomshinda. Kilichoondoka hakirudi. Akiendelea na sindano, hata hilo tundu litaziba, labda kabla ya mwaka mpya. Akiacha, tundu linaweza kubaki. Lakini malale nayo inaweza kuwa imejificha ndani, na ikirudi itarudi na usingizi. Mganga wa macho yuko Daresalama, na hata yeye hana dawa ya hili.

"Macho ao uzima," Mustafa alisema kwa sauti ndogo.

"Nisemee hivi," Mama alisema. "Nimekaa miezi minane bila ule usingizi mubaya. Naomba kuacha. Nikisinzia, mutanidunga, sitapigana."

Bwana Mganga alitazama dirishani. Kisha akaliomba daftari hili. Alifungua, akapitisha kidole kwenye mistari yangu, hakulala, hakulala, ng'ambo haionekani, ng'ambo haionekani. Mustafa alimsomea, na safari hii alisoma kila neno. Bwana Mganga akanirudishia. Amefuta jina la Mama katika orodha ya sindano kwa sharti moja: niandike kila siku, kweli tupu, na nilete kila Alhamisi. Akisinzia mchana hata mara moja, niandike.

Nimekubali. Tangu leo ninaogopa kalamu yangu.

Jumanne, 24 Oktoba

Hakulala mchana.

Jumatano, 25 Oktoba

Hakulala.

Jumatano, 1 Novemba

Hakulala. Nimempangia miyaa: nyekundu upande wa kulia wa goti lake, nyeusi upande wa kushoto. Anasuka bila kutazama, haraka kuliko mimi. Wale walioagiza mtindo mpya wamelalamika kwamba huu ni wa zamani.

Alhamisi, 9 Novemba

Hakulala. Mvua kila siku. Ziwa limechafuka rangi mbili, na jioni radi zinacheza juu ya Kongo bila sauti.

Jumanne, 14 Novemba

Amelala.

Nilitoka kuchota maji baada ya adhuhuri. Niliporudi alikuwa ameegemea nguzo, ukili mkononi, kidevu kifuani. Nilisimama na mtungi kichwani, maji yakinichuruzika shingoni. Nilimwita hakusikia. Nilimwita tena. Alasiri ilipoadhiniwa ndipo alipofumbua macho.

"Nimelala?" aliuliza.

"Hapana, Mama."

Alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mguu. "Zuwena. Mara ya kwanza ulisema ukungu."

Nimekaa na kalamu tangu wakati huo. Nikiandika, watamdunga na tundu litaziba. Nisipoandika, huenda namuua kwa wino. Nilimwuliza kwa nini amelala, nikiwa nimemkasirikia, ndiyo, nimemkasirikia. Akasema usiku hakulala hata kidogo. Alikuwa amekaa mlangoni anatazama radi. "Ikipiga," alisema, "naona milima."

Sijui kama ni kweli au ni mama anayemfariji mwanawe. Milima ile anaijua kwa moyo, anaweza kuitaja akiwa amefumba macho.

Nimeandika: Mama amelala mchana, tangu adhuhuri hadi alasiri.

Jumatano, 15 Novemba

Hakulala mchana. Baada ya magharibi radi imeanza tena. Nimemkalisha mlangoni, nimekaa nyuma yake asinione. Nikamwambia: usiniambie milima, niambie radi imepiga juu ya upi. Hilo haliwezi kukaa kwenye moyo wa mtu yeyote.

Ikapiga. "Kifuniko," alisema. Ilikuwa Kifuniko.

Ikapiga. "Sikuona." Ilipiga mbali kaskazini, nje ya tundu lake.

Ikapiga. "Kati ya Nundu na Mwanamke. Nimemwona mugongo." Nami nilikuwa nimeuona.

Mara saba. Sita alisema sawa, na pale asipoona alisema hakuona. Nimemkumbatia kwa nyuma, tukakaa hivyo mpaka mvua ikatuingiza ndani.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimepeleka daftari. Mustafa alifika kwenye "amelala" akanitazama kama anayeniomba ruhusa ya kuruka. Nikamwambia, "Soma." Akasoma yote, na radi pia, zote saba. Bwana Mganga akamchoma Mama kivimbe cha shingoni kilichobaki tangu alipougua, akaenda na tone lake kwenye kile chombo cha kutazamia damu. Alikaa amekiinamia mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Akarudi, akatazama tena tone la pili.

"Hapana kitu," alisema. "Hapana sindano. Andika mpaka mvua iishe."

Mustafa ametusindikiza mpaka mtoni, amemshika Mama mkono, kule pembeni asikoona.

Ijumaa, 17 Novemba

Mama hakulala mchana. Ng'ambo inaonekana. Anasema niongeze, na nimwandikie kama alivyosema: na mimi naiona, radi ikipiga, mulima mumoja mumoja.